Wasifu wa Marehemu Elikana Simoni Lugome, Diwani Aliyekataa Kuandikiwa Shamba

Baba mchungaji, viongozi wa serikali na wa vyama, wajomba, shangazi, wakwe, majirani wa Kidodi na ninyi nyote mlioshuka milimani kuja kumsindikiza Mzee Elikana: wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa, Irine. Tarehe zimetoka katika daftari la marehemu mwenyewe, ambaye aliandika tarehe ya kila kitu, hata ya kununua jembe. Mengine yametoka kwa mjane wake, Mama Marselina. Pale mama na daftari walipopishana, familia imeona ni busara kumfuata mama.

Mzee Elikana Simoni Lugome alizaliwa Vidunda tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa pili wa Mzee Simoni Lugome na Bibi Fausta. Aliyemtangulia ni dada yake, Bibi Elizabeti, tuliye naye hapa. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni kila alikokwenda, mpaka miguu ya marehemu ikawa inaburuza chini. Watu walidhani mtoto ana ugonjwa wa miguu. Bibi Elizabeti anasema ugonjwa haukuwepo, ulikuwa uvivu tu, na siku alipomshusha chini na kumwacha njiani, alitembea vizuri kabisa huku analia. Kwa wageni mliotoka mbali, Irine ameomba lisemwe hili mapema: kwa watu wa Vidunda, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba na makaburi ya wazee hushuka kwa upande huo, na anayevitunza kwa niaba ya wote ni mjomba. Akifa, havirithiwi na watoto wake wa kuzaa. Vinabaki kwa watoto wa dada yake.

Alianza shule ya misheni Vidunda mwaka 1947, akafika darasa la nne mwaka 1950. Alifaulu kwenda shule ya kati Kilosa mjini, alikosoma kuanzia mwaka 1951 hadi 1954 na kumaliza darasa la nane. Walimu walimsifu kwa mwandiko, na kwa hesabu walimvumilia. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani kwa miguu akiwa amevaa viatu shingoni, amevifunga kamba, ili visiishe soli kabla mama yake hajaviona.

Mwaka 1956 aliajiriwa na chama cha ushirika huko Kilosa kuwa mpimaji wa pamba. Wazee waliolima pamba enzi hizo wanamkumbuka kwa jambo moja. Gunia likishawekwa kwenye mizani, Elikana alirudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono mgongoni, ndipo akasoma uzito kwa sauti. Mkulima mmoja alimuuliza mbona anajitesa kwa kusoma kutoka mbali. Akajibu, "Ili ukifika nyumbani usimwambie mkeo kwamba mguu wangu ulikuwa juu ya mizani." Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini, hadi ushirika ulipovunjwa mwaka 1976. Hapo alihamia Kidodi, akawa katibu wa kijiji hadi alipostaafu mwaka 1988.

Jumamosi ya tarehe 25 Septemba 1965 alifunga ndoa na Marselina, binti kutoka Malolo. Posa ilichukua miezi kumi na minne kwa sababu bibi harusi alikuwa Mkatoliki na bwana harusi Mwanglikana, na kila upande ulitaka kumpokea mwenzake kwa maji mengi zaidi. Mama Marselina anasema alikubali kuvuka kwa sharti moja tu, kwamba asilazimishwe kuacha rozari yake. Rozari hiyo ilitundikwa ukutani juu ya kitanda chao miaka thelathini na minane, na marehemu ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Irine, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Mikumi, Simoni, aliyekuwa fundi wa reli kabla ya kupunguzwa kazini mwaka 1998, na Vaileth, aliyeolewa Kilosa.

Mwaka 1984 mjomba wake, Mzee Petro, alifariki, na ukoo ukamkabidhi marehemu shamba la Ruhembe, ekari kumi na nne. Wakati ule lilikuwa shamba la mahindi na mpunga kidogo, na nguruwe pori walilipenda kuliko binadamu. Marehemu alikwenda kila msimu kugawa sehemu za kulima kwa watoto sita wa Bibi Elizabeti, akala chakula cha mchana kwa dada yake, akarudi kwake Kidodi. Halafu mambo yakageuka. Kiwanda cha sukari kikabinafsishwa, miwa ya wakulima wadogo ikaanza kutafutwa, na shamba ambalo hakuna aliyewahi kuliulizia likawa shamba la kuonewa wivu. Karani wa chama cha wakulima wa miwa alitaka jina moja tu kwenye daftari lake, kwa kuwa jina la ukoo halina mtu wa kutia sahihi. Ukoo ulikaa, ukasema liandikwe la mjomba. Ndivyo E. S. Lugome alivyoingia kwenye daftari la miwa, na ndiko matatizo yalikoanzia.

Kabla ya hapo, mwaka 1995, wananchi walimchagua kuwa diwani wa kata yetu. Mwaka huohuo ilitoka sheria ya maadili ya viongozi wa umma, na kila diwani akaletewa fomu ya kutaja mali zake na za mkewe kwa kiapo. Madiwani wengine waliijaza wakiwa wamesimama, kalamu moja ikizunguka watu kumi. Mzee Elikana aliichukua nyumbani, akazunguka nayo nyumba nzima siku mbili. Aliandika nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati. Akaandika baiskeli. Akaandika mizinga miwili ya nyuki na kuku kumi na mmoja, akitaja na jogoo. Alipofika chumbani akauliza, "Mama Irine, hiki cherehani niandike ni changu au chako?"

Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Kaa ushone, tuone kitakujibu nini."

Kikaandikwa cha mama. Jogoo aliliwa Krismasi, na marehemu alitaka kupeleka barua ya marekebisho, ila mama alimzuia.

Shamba la Ruhembe hakuliandika, kwani halikuwa lake. Mwaka 1999 mtu ambaye hakuweka jina aliandika barua kwa watu wa maadili, akisema diwani wetu ana ekari kumi na nne za miwa alizozificha. Julai akaja afisa kutoka Dar es Salaam, Bi. Aneth, mama wa makamo mwenye miwani na daftari jeusi. Irine alikuwa nyumbani kwa likizo, na alisikia mazungumzo yote akiwa anapepeta mchele nje ya dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Mheshimiwa, shamba la Ruhembe ni la nani?"

"La wapwa zangu. Watoto wa dada."

"Lakini kwenye daftari la miwa kuna jina lako."

"Lipo. Mimi ni mjomba wao."

Bi. Aneth hakuwa mtu mbaya, na familia inaomba asifikiriwe hivyo. Alimweleza marehemu kwa upole kwamba yeye anaamini karatasi, na karatasi inasema shamba ni lake. Kama amesahau kulitaja, anaweza kujaza fomu ya masahihisho, akaliandika kuwa mali yake, yakaishia kwenye onyo dogo la maandishi. Ila akishikilia kwamba si lake na daftari linasema ni lake, basi itaonekana ameapa uongo, na udiwani wenyewe unaweza kuondoka. Alimwachia fomu mezani, akasema atarudi.

Wote walimwambia ajaze. Madiwani wenzake walimwambia, hata mwenyekiti wa kitongoji alikuja jioni kumwambia. Irine yeye hakusema. Alichukua kalamu, kwa mwandiko mzuri aliourithi kwa baba yake, akaijaza fomu ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho: shamba la miwa, ekari kumi na nne, Ruhembe, mali yangu. Akaiweka mezani pamoja na chai ya asubuhi, imebaki sahihi tu. Alifikiri anamwokoa baba yake. Ameomba isomwe pia, mbele yenu wote, kwamba hakufikiria kuokoa peke yake. Alimfikiria Simoni, aliyekuwa amerudi kutoka reli na sanduku la spana na hana pa kulima, hata Malolo hakuwa na sehemu. Alijifikiria na yeye mwenyewe, na wanawe.

Marehemu aliisoma akainywa chai. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni karatasi ya kiapo. Nikishaapa kuwa ni langu, litakuwa langu kweli. Siku nikifa, mtaipeleka hii mahakamani, na hakimu atawapa. Na dada yangu atatolewa na wanawe sita, kwa mkono wangu mimi."

"Kwa hiyo watoto wa shangazi ndio watoto, sisi si watoto?"

Hilo ndilo Irine alilomjibu baba yake. Aliondoka siku hiyohiyo kurudi Mikumi kabla likizo haijaisha, na hakuandika barua wala kutuma salamu kwa wiki sita.

Wiki ya saba Mzee Elikana aliteremka Mikumi kwenye nyumba za walimu, amevaa koti lake la vikao. Irine alimwamkia, akaitikiwa, akampikia. Baada ya kunawa, marehemu akamuuliza vitunguu vya Malolo vinaendeleaje, maana Irine ana sehemu yake kule, kwenye shamba la ukoo wa mama, lililo chini ya mjomba wake Cleopa.

"Havijambo. Mjomba ameniongezea jaruba moja."

"Ana watoto wangapi, Cleopa?"

"Wanane."

"Aje afisa Malolo, akute jina la Cleopa kwenye karatasi. Wanawe wamwandikie kama ulivyoniandikia. Utalima wapi vitunguu?"

Irine alianza kulia, na analia mpaka leo akikumbuka, kwa sababu hakuwa amewahi kuliona shamba la Ruhembe kutokea upande huo. Baba yake alimwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe. Halafu akasema, "Sina shamba la kukupa, mama. Nina jina tu, na hilo nalo siku hizi limechafuka kidogo." Wakacheka wote wawili, na marehemu akalala hapo siku mbili, akatengeneza mlango wa jiko ambao haukuwa umeharibika.

Bi. Aneth aliporudi, marehemu alimwambia hana karatasi ya kumwonyesha, ila aje Ruhembe Jumamosi ya tarehe 18 Septemba. Ilikuwa siku ya ukoo kufyeka makaburi ya wazee yaliyo juu ya shamba lile. Kwa desturi ya ukoo huo, siku ya kufyeka wanaingia wenye ukoo peke yao. Bi. Aneth alimwona diwani ameinama na panga, na Bibi Elizabeti na wanawe wote sita wakifanya kazi naye. Akawaona Mama Marselina, Irine na Simoni wamekaa barabarani na vyombo vya chakula. Akamfuata Irine.

"Mwalimu, mbona wewe huingii? Si shamba la baba yako?"

Irine anasema alikuwa na nafasi ya kusema neno lolote. Ukimya tu ungetosha. Alimtazama Simoni, Simoni akatazama pembeni.

"Si la baba," akasema. "Ni la wenye makaburi. Sisi ni wa Malolo."

Bi. Aneth aliandika, akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Novemba marehemu aliitwa kwenye kikao cha watu wa maadili Morogoro. Walikubali kwamba shamba si mali yake. Walimpa onyo kwa kutoeleza mapema kwamba jina lake limo kwenye daftari la miwa, na akalipokea, kwa sababu ni kweli hakueleza. Lakini habari ya kuitwa Morogoro ilifika Kidodi siku nyingi kabla ya habari ya kusafishwa. Agosti 2000, katika kura za maoni, Mzee Elikana alishindwa kwa kura kumi na tisa. Watu aliowapimia pamba ujanani walimwambia usoni kwamba mwenye moshi ana moto. Ilimuuma. Alikuwa akisema haimuumi, lakini Mama Marselina alilala naye kitanda kimoja na anajua.

Sheria inamtaka kiongozi anayeondoka ajaze fomu ya mwisho. Aliijaza Desemba mwaka huo. Safari hii, kwenye nafasi ya maelezo mengine, aliandika: "Shamba la Ruhembe liko chini ya jina langu lakini si langu. Wenyewe ni hawa." Akafuatisha majina sita, kuanzia Ditram, mkubwa wa wapwa, mpaka Sesilia, wa mwisho. Nakala yake ipo.

Kuanzia Machi 2002 alisumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye figo. Alitibiwa hospitali ya misheni Mikumi, akilala nyumbani kwa Irine kila alipokwenda kliniki, na katika miezi ile baba na binti walizungumza kuliko miaka yote iliyotangulia. Alianza pia kufuatilia jina lake litolewe kwenye daftari la miwa na kuingizwa la Ditram. Mara alitakiwa alete muhtasari wa kijiji, mara picha, mara karani yuko safari. Wodini alimuuliza Irine mara tatu kama karani amerudi. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili. Alifariki Jumatatu ya tarehe 9 Februari 2004, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa umeshikwa na mkewe. Daftari lilikuwa bado lina jina lake.

Familia inajua linalosemwa tangu juzi pale kwenye moto wa msiba. Jana karani mwenyewe alikuja kutoa pole, akamvuta Simoni kando, akamwambia alete hati ya mirathi tu, shamba litakuwa lao, wala hakuna wa kuwazuia. Bibi Elizabeti alimwona akimvuta. Alirudi kukaa kwenye mkeka na wanawe wakaja kukaa karibu yake, mmoja baada ya mwingine. Aliyewaona wamekaa vile anaelewa kwa nini sehemu inayofuata imeandikwa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Marselina; watoto watatu, Irine, Simoni na Vaileth; wajukuu saba; dada yake, Bibi Elizabeti; na wapwa sita. Ameacha nyumba ya Kidodi, baiskeli na mizinga miwili. Cherehani ni cha mama. Mbele ya jeneza hili, mbele ya mchungaji, ya mtendaji wa kata na ya karani wa miwa, ambaye tunamwona, Irine, Simoni na Vaileth wanatamka kwamba shamba la Ruhembe si la baba yao na si lao. Ni la Bibi Elizabeti na wanawe, na Ijumaa watatu hao watakwenda pamoja na Ditram kutia sahihi jina libadilishwe.

Jana usiku Irine alipofika hapa katika kuandika alisimamisha kalamu, akamwambia mdogo wake kwamba asiye na shamba kati yao ni yeye Simoni, kwa hiyo yeye ndiye wa kusema kama maneno haya yaandikwe au yaachwe. Simoni akasema, "Andika, dada. Nitayasoma mimi."

Ndiye anayewasomea. Baba, lala kwa amani. Hatutagombana na shangazi.